Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi ya mwongozaji na mtayarishaji wa filamu huru

Majibu haya ni kwa yule anayetaka kuongoza filamu zake mwenyewe bila kampuni kubwa nyuma yake. Nimeyarefusha pale ambapo watu huumia zaidi, yaani fedha, sauti na mikataba. Mengine nimeyapitia haraka kwa sababu utajifunza kwa kufanya.

Filamu huru ni ipi hasa?

Ni filamu inayotengenezwa nje ya studio kubwa, ambapo neno la mwisho kuhusu hadithi, waigizaji na uhariri liko mikononi mwa watengenezaji wenyewe. Watu wengi huchanganya uhuru na uchache wa fedha. Filamu inaweza kugharimu mamilioni ya dola ikabaki huru, na nyingine ikatengenezwa kwa fedha kiduchu huku aliyezitoa akiamuru hadi rangi ya nguo ya mhusika. Ukitaka kujua filamu ni huru au la, uliza nani ana ruhusa ya kuibadilisha baada ya mwongozaji kusema imekamilika.

Mwongozaji na mtayarishaji wanatofautiana vipi?

Mwongozaji anashughulika na kile kitakachoonekana na kusikika. Anachagua waigizaji, anafanya nao mazoezi, anaamua kamera ikae wapi na kwa nini, kisha anakaa na mhariri hadi hadithi isimame. Mtayarishaji anashughulika na kuwezesha yote hayo. Anatafuta haki za hadithi, fedha, watu, ratiba, bima na vibali, na filamu ikishakamilika anaitafutia watazamaji. Mwongozaji anaweza kuhamia mradi mwingine baada ya onyesho la kwanza. Mtayarishaji hubaki na filamu hiyo miaka mingi, akigawa mapato na kujibu barua za watu wanaotaka kuionyesha filamu.

Je, mtu mmoja anaweza kuvaa kofia zote mbili?

Anaweza, na kwenye filamu ya kwanza mara nyingi hana namna nyingine. Ugumu huja siku za kupiga picha. Jua linazama. Kama mwongozaji unataka kurudia shoti mara ya sita, na kama mtayarishaji unajua kwamba kuzidisha saa moja kunamaanisha kulipa gari, taa na watu kwa muda wa ziada. Ukiwa peke yako hakuna wa kubishana naye, na mara nyingi unaishia kukata tamaa na shoti huku muda nao umeshapita.

Ninachoshauri ni hiki: kuwa mtayarishaji kabla na baada, lakini siku za kupiga picha mkabidhi mtu mwingine mamlaka hayo. Anaweza kuwa meneja wa uzalishaji au msaidizi wa kwanza wa mwongozaji. Awe na ruhusa ya kukwambia imetosha, na wewe umtii mbele ya watu wote.

Ni lazima nisome chuo cha filamu?

Hapana. Faida kubwa ya chuo ni vifaa vya kujaribia na wenzako ambao huenda mkafanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Asiye na nafasi hiyo aingie kwenye seti za watu wengine kwa kazi yoyote itakayopatikana. Kama utapewa kuchagua, chagua kuandika kumbukumbu za mwendelezo, yaani kuhakikisha nguo, vitu na miondoko vinalingana kutoka shoti moja hadi nyingine. Mtu wa mwendelezo hukaa karibu na mwongozaji siku nzima. Anaona kila shoti, anajua ipi ilichaguliwa na kwa sababu gani, na anajua nini kilisahaulika. Baada ya hapo jifunze kuhariri, hata kama hutaki kuwa mhariri. Ukishakosa shoti kwenye meza ya uhariri mara kadhaa, ukirudi kwenye seti utajua cha kupiga.

Nianze na filamu fupi au ndefu?

Fupi. Kwa kanuni za tuzo za Oscar filamu fupi inaweza kufika dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, lakini usiifikishe huko. Waandaaji wa matamasha hupanga filamu fupi kadhaa katika kipindi kimoja, kwa hiyo filamu ya dakika 10 ina nafasi nyingi kuliko ya dakika 30, ambayo inakula nafasi ya wenzake wawili. Usitegemee filamu fupi ikurudishie fedha. Thamani yake ni kumwonyesha mwenye fedha kwamba unaweza kumaliza kazi, kuongoza waigizaji na kusimulia.

Hata hivyo, usikae kwenye filamu fupi milele. Ukishatengeneza mbili au tatu unazoziamini, andika ndefu.

Bajeti inapangwa vipi?

Inaanzia kwenye mswada. Chukua mstari huu mmoja: *Usiku. Mvua kubwa. Watoto kumi wanalikimbilia basi linaloondoka.* Kuusoma kunachukua sekunde tano. Sasa uhesabu kama mtayarishaji.

Usiku unadai taa kubwa, jenereta, mlo wa usiku wa manane na usafiri wa kuwarudisha watu makwao. Mvua inadai gari la maji, pampu na mabomba, mtu wa umeme anayejua kazi karibu na maji, na nguo za akiba kwa kila mtoto, kwa sababu baada ya teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kuipiga shoti, wote wamelowa na teki ya pili inaanza wakiwa wakavu. Watoto wanadai idhini za wazazi, mlezi kwenye seti na saa chache za kazi. Katika nchi nyingi sheria hairuhusu wafanye kazi usiku kabisa. Basi linadai kukodiwa, dereva, bima na barabara iliyofungwa. Mstari mmoja umekula siku nzima ya kazi, pengine mbili.

Sasa uandike upya: mtoto mmoja, alfajiri, barabara imelowa, sauti ya basi inatokomea kwa mbali na yeye amesimama. Huzuni imebaki, pengine imeongezeka. Gharama imebaki ya mtoto mmoja, mzazi wake na ndoo kadhaa za maji zilizomwagwa barabarani. Mwongozaji ambaye pia ni mtayarishaji ana faida hiyo kubwa: anaweza kuipunguza bajeti kwa kalamu kabla haijampunguzia filamu.

Baada ya kazi hiyo ndipo unapiga hesabu za kawaida. Ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa mpangilio unaotumika kwenye filamu huchukuliwa kuwa dakika moja. Kikosi kidogo kinachofanya kazi kwa bidii humaliza kurasa nne hadi sita kwa siku, kwa hiyo mswada wa kurasa 90 unahitaji takriban siku 15 hadi 23. Ongeza akiba ya dharura ya asilimia 10 juu ya jumla yote, na usiiguse kwa mambo ambayo si dharura. Kisha angalia kama umeweka fedha za uhariri, kusawazisha rangi, mchanganyo wa sauti, manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha), ada za matamasha na diski za kuhifadhia mafaili. Filamu nyingi hufia hapo. Picha zimepigwa vizuri, fedha zimeisha, na mafaili yanakaa miaka kwenye droo.

Fedha zitoke wapi?

Hakuna mlango mmoja. John Cassavetes, mwongozaji wa Marekani, aliigiza kwenye filamu za watu wengine na kutia kipato chake kwenye zake. Alipokuwa anaanza, katika miaka ya 1950, alikwenda redioni akawaeleza wasikilizaji filamu anayotaka kutengeneza, na wakamtumia pesa. Michango ya mtandaoni ya leo ni wazo lilelile kwa njia nyingine. Tofauti ni kwamba kwenye Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, usipofikisha lengo ulilotangaza hupati chochote, kwa hiyo weka kiasi ambacho una hakika kinaweza kumaliza sehemu fulani ya kazi, na ueleze ni sehemu ipi.

Zipo ruzuku. Hubert Bals Fund, inayoendeshwa na Tamasha la Filamu la Rotterdam, ilianza mwaka 1988, na World Cinema Fund ya tamasha la Berlin ilianza mwaka 2004. Zote husaidia filamu kutoka sehemu za dunia ambako mfumo wa fedha za filamu ni dhaifu. Ruzuku hairudishwi, na hilo ni jambo jema sana, lakini ina foleni ndefu, ina masharti ya namna ya kutumia fedha, na mara nyingi inakutaka uwe na mtayarishaji mwenza kutoka nchi ya mfuko. Soma masharti kabla ya kuanza kuandika maombi. Maombi mazuri huchukua wiki kadhaa, na ukigundua mwishoni kwamba huna sifa, wiki hizo haziwezi kurudishwa.

Wapo pia wawekezaji binafsi. Hapa weka wazi mpangilio wa nani analipwa kwanza. Kwa kawaida mapato yakiingia, wasambazaji na mawakala huchukua kamisheni na gharama zao, kisha madeni hulipwa, kisha wawekezaji hurudishiwa fedha zao pamoja na nyongeza mliyokubaliana, na kinachobaki ndicho kinaitwa faida. Kinagawanywa kati ya wawekezaji na watengenezaji, mara nyingi nusu kwa nusu. Mchoree mwekezaji mpangilio huo kwenye karatasi moja. Mwambie wazi kwamba anaweza kupoteza fedha zote. Atakayekubali baada ya kusikia hivyo ndiye unayemtaka, kwa sababu huyo hatakugeuka mambo yakichelewa.

Na kuna kungoja. Satyajit Ray, mwongozaji wa India, alianza kupiga picha za filamu yake ya kwanza mwaka 1952, akaweka rehani mali yake na vito vya mkewe, kazi ikasimama kwa miezi mingi kwa kukosa fedha, hadi serikali ya jimbo la West Bengal ilipoingia. Filamu ikatoka mwaka 1955. Alikuwa na mtoto mwigizaji ambaye sauti yake ingeweza kubadilika wakati wowote, na bibi mwenye umri mkubwa ambaye angeweza kufariki kabla ya sini zake kukamilika. Kama unajua fedha zako zitakuja kwa vipande, soma mswada ukijiuliza ni nani na nini hakiwezi kungoja, na upige hizo kwanza.

Simu inatosha kupigia filamu?

Picha, ndiyo. Mwongozaji wa Marekani Sean Baker alipiga *Tangerine* kwa simu za iPhone 5s zilizowekewa lenzi za nyongeza, na filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2015. Watu hukumbuka simu na kusahau kwamba alikuwa ameshatengeneza filamu ndefu kadhaa kabla ya hapo, na kwamba hakurekodi sauti kwa simu.

Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga. Sauti isiyosikika humfanya aondoke. Kwa hiyo ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, kodi fundi sauti mwenye vifaa vyake kabla ya kufikiria kamera bora.

Fikiria sini ya jikoni, watu wawili wanazungumza kwa sauti ya chini. Sikio lako limeshazoea mngurumo wa friji, hulisikii. Maikrofoni inalisikia, na mbaya zaidi friji linazima na kuwaka lenyewe, kwa hiyo shoti moja ina mngurumo na inayofuata haina. Mhariri akiziunganisha, kila mkato unasikika kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Fundi sauti mzoefu huingia jikoni, huzima friji, kisha huweka funguo za gari lake ndani ya friji hilo. Hawezi kuondoka bila funguo, kwa hiyo hawezi kusahau kuliwasha tena na kuacha vyakula vya mwenye nyumba vikiharibika. Halafu, kabla watu hawajaanza kufungasha, huomba wote wanyamaze na kurekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho. Ukimya huo ndio mhariri atakaoutandaza chini ya mazungumzo ili mikato isisikike. Mwongozaji asiyetoa nusu dakika hiyo hujutia kwa wiki nzima mezani.

Naweza kuwaomba marafiki wafanye kazi bila malipo?

Kwenye filamu fupi ya siku mbili, mkikubaliana kwa uwazi, sawa. Kwenye filamu ndefu, hapana. Mtu anayeacha kazi yake kwa wiki tatu anakupa kodi yake ya nyumba. Kama huna fedha ya kutosha, punguza siku na punguza kikosi, lakini kila aliyepo apate kitu, apate chakula cha moto, usafiri, na mapumziko ya angalau saa kumi kati ya siku moja na nyingine. Ukiahidi malipo ya baadaye kutoka kwenye mapato, yaandike: kiasi, na mtu huyo yuko nafasi ya ngapi kwenye mpangilio wa kulipwa. Ahadi ya mdomo huvunja urafiki ambao ndio mtaji wako wa filamu inayofuata. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote kwenye ukurasa huu. Vikosi vya filamu ni vidogo, watu wanajuana, na habari ya mtayarishaji asiyelipa hufika kabla yake.

Nahitaji mikataba gani?

Kila kilichomo ndani ya filamu lazima kiwe na karatasi inayoonyesha una haki ya kukitumia. Wasambazaji huiita minyororo ya umiliki, na wataiomba kabla ya kusaini. Karatasi ya kwanza ni ya mswada. Kama umeandika mwenyewe, andika hati inayouhamishia kwenye kampuni ya filamu. Kama umetoholewa kutoka kitabu, unahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye haki. Mkataba wa Berne, ambao ni wa kimataifa kuhusu hakimiliki, unaweka kima cha chini cha ulinzi kuwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza. Kwa hiyo mwandishi kuwa marehemu hakukupi ruhusa.

Huna haja ya kununua haki za kitabu moja kwa moja. Unaweza kulipia muda, kwa mfano miezi 18, ambapo mwandishi hawezi kumuuzia mtu mwingine huku wewe ukitafuta fedha. Fedha zikipatikana unanunua kwa bei mliyokwisha kuandika. Usikubali bei iachwe wazi "tutajadiliana baadaye", maana baadaye ndipo filamu ina fedha na bei imepanda.

Kisha mikataba ya waigizaji, kikosi kizima, mtunzi wa muziki, wenye maeneo, na kila mtu ambaye sura yake inaonekana waziwazi. Mpigapicha rafiki yako ambaye hakusaini kitu anaweza, katika nchi nyingi, kudai haki juu ya picha alizopiga. Isainiwe kabla ya siku ya kwanza, wakati kila mtu ana furaha.

Muziki una mtego wake. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Mara nyingi wamiliki ni tofauti, na unahitaji wote wawili. Mwongozaji Charles Burnett alimaliza *Killer of Sheep* mwishoni mwa miaka ya 1970, filamu ambayo baadaye iliwekwa kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa Marekani. Haikuonyeshwa kibiashara kwenye majumba ya sinema hadi mwaka 2007, kwa sababu haki za nyimbo zake hazikuwa zimelipiwa. Miaka karibu 30. Mwite mtunzi akutungie, au lipia nyimbo kabla ya kuhariri, na usijiruhusu kuupenda wimbo uliouweka kwa muda tu wakati wa uhariri.

Na linda ulichotengeneza. *Night of the Living Dead* ya mwaka 1968 ilipoteza hakimiliki nchini Marekani kwa sababu msambazaji alibadilisha jina la filamu na tangazo la hakimiliki likaachwa nje ya jina jipya. Sheria ya Marekani wakati ule ilidai tangazo hilo, na yeyote akaweza kuiuza filamu bila kuwalipa walioitengeneza. Sheria zimebadilika, lakini kusajili kazi na kukagua kila nakala inayotoka kumebaki kuwa kazi ya mtayarishaji.

Vibali na usalama, je? Sisi ni kikosi kidogo tu.

Vikosi vidogo ndivyo vinavyopata ajali, maana kila mtu ana kazi tatu na hakuna aliyeachwa wa kuangalia. Mwezi Februari 2014, huko Georgia, Marekani, msaidizi wa kamera Sarah Jones aliuawa na treni wakati kikosi kikipiga picha juu ya daraja la reli ambalo mwenye reli alikuwa amekataa kulitolea kibali. Mwongozaji alikwenda jela. Kwa hiyo ukinyimwa kibali, sini hiyo haipo. Iandike upya. Kusiwe na silaha inayofyatua, moto, kimo, maji yenye kina wala gari linalokimbia bila mtaalamu wa kitu hicho kuwepo, na kila mmoja kwenye seti, hata aliyefika leo kubeba nyaya, awe na haki ya kusema simamisheni.

Mazoezi na waigizaji yanasaidia kweli, au yanaua uhalisia?

Yanasaidia, hasa kwa asiye na fedha. Christopher Nolan alipiga filamu yake ndefu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1998, kwa siku za mwisho wa wiki kwa takriban mwaka mzima, kwa sababu kikosi chake kilikuwa na ajira nyingine. Ili kutopoteza ukanda wa filamu walifanya mazoezi kama ya jukwaani, kisha wakapiga teki moja au mbili. Ukanda sasa umeondoka kwenye kazi za wengi, lakini muda bado ni ghali. Fanya mazoezi ya mahusiano ya wahusika, miondoko na nafasi, na ile sini nzito kabisa ibakizie siku yake.

Uhariri unachukua muda gani?

Kwa filamu ndefu, panga miezi mitatu hadi sita, na usishangae ikifika mwaka kama mhariri ana kazi nyingine. Mkato wa kwanza, yaani toleo la kwanza la filamu nzima, huwa mrefu na huwa unavunja moyo. Ni hali ya kawaida. Uoneshe kwa watu wachache wasiokujua, na badala ya kuwauliza kama wameipenda, waulize walichoka wapi na walipotea wapi. Wakionyesha sehemu ileile, kuna tatizo, ingawa chanzo chake mara nyingi kiko dakika kumi kabla ya hapo.

Matamasha ya filamu: niende yapi?

Anza na kujua filamu yako inazungumza na nani. Sundance ilipokea kazi zaidi ya 15,000 kwa tamasha lake la mwaka 2025, na filamu ndefu zilizochaguliwa hazikufika 100. Sisemi usijaribu. Ninachosema ni kwamba mpango wako usisimame juu ya jibu hilo moja. FESPACO, linalofanyika Ouagadougou tangu 1969, ni uwanja mkubwa wa filamu za Afrika na lina hadhira ya kweli inayojaza viti. Yapo matamasha ya filamu za watoto, za makala halisi, za haki za binadamu, za kutisha, na hayo madogo yenye wapenzi wa aina moja mara nyingi hukufikisha kwa mnunuzi anayetafuta filamu kama yako.

Kinga kitu kimoja: onyesho la kwanza. Matamasha makubwa hutaka kuwa ya kwanza duniani, au angalau katika bara lao. Ukiiweka filamu mtandaoni kwa wote, hata kwa wiki moja, umefunga milango hiyo. Panga mwaka mzima kwenye karatasi, kubwa kwanza, ndogo baadaye, na weka ada za kuwasilisha kwenye bajeti.

Wakala wa mauzo anafanya nini, na nimwamini kwa kiasi gani?

Anaiuza filamu kwa wasambazaji wa nchi mbalimbali na kuchukua kamisheni, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25, pamoja na gharama za kuitangaza. Hizo gharama ndizo za kutazama. Mkataba usipoweka kikomo, zinaweza kula kila kinachoingia, na wewe utakuwa unapokea ripoti zenye sifuri mwaka baada ya mwaka. Dai kikomo cha gharama, ripoti kila miezi sita, haki ya kukagua vitabu, na kipindi chenye mwisho, baada yake haki zikurudie. Kisha wapigie watayarishaji wengine ambao filamu zao ziko kwake na uwaulize kama waliwahi kulipwa. Wengi watakujibu kwa ukweli.

Majukwaa ya mtandaoni hulipa ama kiasi cha mara moja au mgawo wa watazamaji. Usitoe haki za dunia nzima na za njia zote kwa mnunuzi anayetaka nchi moja.

Naweza kuishi kwa kazi hii?

Wengi huishi kwa kazi zilizo pembeni yake: matangazo, video za mashirika, kufundisha, kuhariri kazi za wengine. Sioni aibu yoyote hapo. Kinachoua ni kusahau kujiwekea ujira kwenye bajeti ya filamu yako mwenyewe. Andika ujira wa mwongozaji na wa mtayarishaji, hata kama ni mdogo, na hata kama utaamua kuucheleweshea malipo. Bajeti isiyo nao inamdanganya kila anayeisoma kuhusu gharama halisi, na mfadhili wa filamu ya pili atataka gharama iwe ileile.

Inachukua miaka mingapi kujulikana?

Filamu ya kwanza ya Sean Baker ilitoka mwaka 2000. Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, aliipata mwaka 2024 kwa *Anora*, na Machi 2025 akachukua tuzo nne za Oscar kwa filamu hiyohiyo, ikiwemo ya uhariri, kwa sababu huhariri filamu zake mwenyewe. Katikati ya miaka hiyo alikuwa anatengeneza filamu, moja baada ya nyingine, kwa fedha alizoweza kupata. Panga filamu yako ya pili wakati ya kwanza ikiwa kwenye uhariri, maana kwenye tamasha kila mtu atakuuliza unafanya nini sasa, na ukiwa na kurasa mbili za maelezo mkononi mazungumzo hayo yanageuka kuwa miadi.

Filamu ikishatoka, nihifadhi nini?

Nakala tatu za kila kitu, kwenye vyombo viwili vya aina tofauti, moja ikiwa jengo jingine. Diski iliyokaa kabatini miaka mitano bila kuwashwa haina dhamana, kwa hiyo ziwashe na kuzikagua kila mwaka. Hifadhi faili la kuonyeshea filamu kwenye majumba ya sinema, liitwalo DCP, toleo lisilo na maandishi juu ya picha, mradi wote wa uhariri, mikataba yote iliyosainiwa, na mchanganyo wa sauti ambao muziki na vishindo vimetenganishwa na mazungumzo. Huo wa mwisho husahaulika kuliko vyote. Mnunuzi anaweza kuja baada ya miaka saba akitaka kuiingizia filamu sauti za lugha nyingine, na bila mchanganyo huo itabidi utengeneze upya kila hatua ya mguu, kila mlango na kila kikombe kinachowekwa mezani.